Naombeni ushauri, katoto ka mbwa ninakokalea kanaondoka Jumamosi

Mwana wa Mwanga: Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma, nina katoto ka mbwa nakalea tangu mama yake agongwe na bodaboda, kana wiki tisa sasa, kanakula uji wa dona na dagaa mara nne kwa siku, dawa ya minyoo nimeshakapa mara mbili. Jumamosi anakuja mtu wa Tabora kukachukua. Nikape nini kasitapike njiani? Sina raha kabisa.

Mgebuka Mkavu: Kalale njaa kidogo mkuu, masaa matatu manne kabla ya safari usikape kitu, maji tu. Na hao dagaa wasiwe wa chumvi.

Bibi wa Ujiji: Wangu alimaliza kuku kumi na mmoja wa jirani, nikalipa wote. Sitaki tena kusikia mbwa.

Mnyamwezi: Chanjo je? Ya kwanza huwa wiki ya 6 mpaka ya 8, parvo ikikakuta kanaharisha damu unazika. Halafu mtu hakosi raha kwa matapishi ya mbwa, sema kuna nini.

Mwana wa Mwanga: Haya. Juzi kalimng'ata mwanangu kidole wakigombea ndala. Damu kidogo tu, nikapaka spiriti. Kalikuwa kanacheza jamani! Na advansi elfu thelathini nimeshapokea, nimenunulia unga.

Dokta Ng'ombe: Rudisha advansi. Kidonda osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtoto hospitali leo hii, mbwa abaki hapo siku 10 aangaliwe. Kichaa kikishaonyesha dalili ndo basi tena.

Mwana wa Mwanga: Kichaa kakitoe wapi, hakajawahi kutoka uani.

Dokta Ng'ombe: Na mama yake aligongewa uani?

Fundi Redio: Chai hii. Mwezi uliopita huyuhuyu alikuwa Mbeya, hajaoa, anauliza bei ya pikipiki. Mtoto kamtoa wapi?

Mgebuka Mkavu: Chai yenyewe haina hata tangawizi 😂

Mnyamwezi: Weka picha ya kidole.

Mwana wa Mwanga: Wa Mbeya ni shemeji, akaunti tunatumia wote. Tupo foleni hapa hospitali, nesi kauliza mbwa yuko wapi nimemwambia nyumbani, kumbe kapo kwenye boksi chini ya benchi kanatafuna kamba ya kiatu changu. Yule wa Tabora anapiga tu, sipokei.