Maji ya kufulia na mimea ya majini: sumu ya sabuni napimaje?

Kijana_wa_Tabata
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa maabara. Niko mwaka wa mwisho chuo, projekti yangu ni kupima sumu ya sabuni za kufulia kwa mimea ya maji baridi. Sasa huku kwetu Tabata kuna mtaro unashuka kuelekea Msimbazi, Jumamosi nyumba karibu zote zinamwaga humo maji ya kufulia, povu linatembea mpaka kwenye kalavati, lakini pale maji yanapotuama kumejaa vile vijani vidogo vya kijani vinavyoelea, vimefunika mpaka maji yenyewe huyaoni. Supavaiza kasema nitumie hivyohivyo kwenye jaribio. Mwenzangu anasema nitapoteza muda, sabuni ingekuwa sumu visingestawi namna ile. Nimjibu nini, na jaribio lenyewe naanzia wapi? Bika zipo, mizani ipo, mashine kubwa hamna.

Fundi_Maabara
Mdogo wangu, huo mtaro haubebi sabuni peke yake. Kuna maji ya vyombo, kuna maji ya vyooni yanayovuja, na sabuni za unga nyingine zina fosfeti, vyote hivyo kwa mmea ni mbolea. Halafu bakteria wa kwenye maji na tope wanakula LAS, yaani ile kemikali inayong'oa uchafu na kutoa povu kwenye sabuni nyingi, penye oksijeni ya kutosha wanaipunguza ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo pale vinapostawi hujui kimefika kiasi gani cha sabuni. Ndo maana tunapima maabara, kiasi tunakiweka wenyewe.

Hivyo vijani ni jamii ya Lemna na vina utaratibu wake unaojulikana duniani, OECD 221 ya mwaka 2006. Jaribio ni siku 7. Unaandaa angalau viwango vitano vya sabuni na kila kimoja kisizidi mara 3.2 ya kilichotangulia, mfano miligramu 1, 3.2, 10, 32 na 100 kwa lita, kila kiwango bika tatu, na kontroo isiyo na sabuni kabisa wekea bika sita. Usichote maji ya mtaroni wala ya kisima, visima vingi vya Dar vina chumvi, tumia distildi wota uliyoiwekea virutubisho kwa vipimo vinavyojulikana. Na vijani vya mtaroni usivitumbukize moja kwa moja maana vinakuja na mwani na bakteria, vioshe kwa jiki iliyozimuliwa sana kisha suuza vizuri, chukua jiki ya kawaida isiyo na manukato wala povu, maana zile zenye povu tayari zina sabuni ndani! Ukishaosha vioteshe kwanza mpaka uone vinazaana vizuri ndo uanze.

Dirishani usiweke. Vinataka taa muda wote, lux 6,500 mpaka 10,000, na joto la nyuzi 24 ikizidi au kupungua iwe mbili tu, kwa Dar ya mwezi wa pili bila chumba chenye AC hapo hutoboi.

MamaSabuni_Mbagala
Samahanini, mimi siyo mtu wa maabara ila natengeneza sabuni ya maji na nauza. Tunatumia salfoniki asidi, ungarol, soda ash, chumvi, rangi na manukato. Je hii ya kwetu nayo mnaipima au ni za viwandani tu? Maana wateja wangu wote wanamwaga kwenye mitaro hiyohiyo na mimi ningependa kujua ninachokiuza kinafanya nini huko.

Fundi_Maabara
Mama shikamoo, swali lako ni zuri sana. Salfoniki ikikutana na soda ash inakuwa LAS, ndo ileile ya viwandani. Mdogo wangu hapo chukua hoja: soda ash inapandisha pH, na pH peke yake inaweza kuumiza mmea. Sasa ukipima sabuni nzima vijani vikafa hutajua kilichoua ni LAS au ni pH. Weka bika za sabuni nzima, za LAS tupu, na za soda ash tupu. Na kwa vile LAS inaliwa na nyingine inanata kwenye kuta za bika, maji yabadilishe siku ya 3 na ya 5.

Kijana_wa_Tabata
Shikamoo mama, na asante sana kaka. Matokeo je, nahesabu vilivyokufa?

Fundi_Maabara
Hapana, unahesabu vijani vyote vinavyoonekana, hata kale kachanga kanakochomoza ubavuni mwa mama yake unakahesabu. Andika pia vilivyogeuka njano au vyeupe, vilivyozama, mizizi iliyofupika. Pamoja na idadi pima kitu kingine kimoja, uzito mkavu kwa mfano.

Tuseme umeanza na 12, kontroo ikafika 84, hiyo ni mara 7, logi asilia ya 7 gawanya kwa siku 7 unapata 0.278 kwa siku, hiyo ndo kasi ya kukua. Kontroo yako isipojizidisha mara mbili ndani ya siku 2.5 jaribio halifai, rudia. Bika yenye sabuni ikafika 36, ni mara 3, unapata 0.157. Kasi imeshuka kama asilimia 44. Lakini ukiangalia ongezeko tu, kontroo imeongeza 72 na hiyo imeongeza 24, unapata asilimia 67! Data ni ileile, kwa hiyo kwenye ripoti sema EC50 yako, yaani kile kiwango cha sabuni kinachopunguza ukuaji kwa nusu, ni ya kasi au ya ongezeko, watu wanalinganisha namba mbili zisizofanana wanabishana bure.

Na viwango vya chini vikikua kuliko kontroo usivifute, viandike kama vilivyo. Inawezekana ni fosfeti, na maji kujaa majani mpaka samaki wakakosa hewa nayo ni madhara. Mwenzako mjibu hivyo.

MamaSabuni_Mbagala
Marahaba wanangu. Kijana njoo inbox, nitakupa vipimo vyangu vyote kwa gramu na lita tano za sabuni bila rangi na manukato, ukitaka ya kwenye chupa nakupa pia ulinganishe.