Pua imekuwa nyembamba mno baada ya kufanywa mara ya pili, kuna aliyerekebishiwa?

binti_langoni
Asalaam aleikum, naandika kutoka Lamu. Nilienda kufanywa pua kwa upasuaji, ya kwanza ikapinda, nikarudi wakairekebisha, sasa ni miezi saba tangu hiyo ya pili na imebonyea katikati pande zote mbili kama imebanwa na kibanio cha nguo. Sura naweza nikavumilia, kinachonitesa ni pumzi. Nikivuta hewa kwa nguvu mianzi inajifunga yenyewe, nikivaa ninja nikatembea kutoka jeti mpaka nyumbani nafika nahema mdomo wazi, usiku naamka koo limekauka. Kuna mtu kaniambia nidungwe fila, ile sindano ya kujaza chini ya ngozi, pembeni itanuke, dakika kumi yamekwisha. Nifanyeje jamani, nimechoka.

nesi_malindi
Waaleikum salaam mdogo wangu, pole sana. Usidungwe fila, nakusihi. Pua iliyopasuliwa mara mbili mishipa yake ya damu imeshavurugwa, fila ikiziba mshipa ngozi inaweza kufa ikawa nyeusi, na wako waliopofuka jicho kwa ajili hiyo. Jaribu hivi, weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta taratibu kuelekea sikio, halafu vuta pumzi. Hewa ikipita vizuri basi huenda panapobana ni ile njia nyembamba ya ndani, juu kidogo ya mianzi.

binti_langoni
Nimejaribu sasa hivi hapa barazani, subhanallah, imepita! Kushoto zaidi.

kaka_watamu
Dada hiyo ndiyo yangu kabisa, mimi nilivunjika pua kwenye mpira nikafanywa mara mbili ikabana hivyo hivyo. Mara ya tatu daktari alichonga gegedu, ule mfupa laini, akatoa vipande viwili vyembamba kama njiti akavipachika kulia na kushoto kwa ukuta wa kati, vikazisukuma kuta nje. Kwa kawaida gegedu hutolewa kwenye huo ukuta wenyewe lakini wangu ulikuwa umeshatumika, akatoa sikioni, na ikitakiwa nyingi hutolewa ubavuni. Ila alikataa kunigusa mpaka mwaka utimie, nilimkasirikia kweli, kumbe uvimbe wa upasuaji wa marudio huchukua mwaka na zaidi kuisha na kovu lazima lilainike kwanza. Usiku nilikuwa nabandika ile plasta ya juu ya pua inayovuta mianzi wazi, ilinisaidia kulala.

nesi_malindi
Na omba ripoti ya upasuaji zote mbili, ijulikane nini kilitolewa na gegedu gani imebaki. Ukienda Mombasa au Nairobi muulize daktari waziwazi kama hufanya pua za marudio, maana si kila daktari wa masikio, pua na koo anazifanya. Sigara na shisha kama zipo acha, zinabana damu kidonda kisipone.

binti_langoni
Ripoti naiomba kesho inshallah, miezi mitano nitangoja. Kaka, sikio lilibaki na umbo lake?

kaka_watamu
Lile lile. Kovu liko kwa nyuma, hata kinyozi wangu hajaliona.