Nodi za EPANET zimekuwa kidoa kimoja, ramani ya Chake Chake imekaa mbali – naomba ushauri

Mgeni_wa_Modeli
Assalamu alaykum. Nina mtandao wa bomba za maji wa Chake Chake, Pemba, nodi 64 (sehemu bomba zinapoungana), koordineti zimechukuliwa kwa GPS ya mkono. Nikizibandika kwenye faili ya inp ya EPANET (programu ya kuhesabu presha na mtiririko wa maji bombani), chini ya COORDINATES, zote zinarundikana pembeni kama punje moja ya mtama. Mstari wenyewe uko hivi:

J12   -5.2459   39.7666

Na picha ya ramani ya mji niliyoiweka nyuma yake imekaa mbali na nodi. Nimekosea wapi? Na presha zitakazotoka ni za kuaminika?

Bi_Ramani
Wa alaykum salaam. Mstari mmoja, makosa mawili. EPANET inasoma X kwanza, kisha Y, kwa hiyo longitudo ndiyo inayotangulia. Kwa ulivyoandika, J12 yako iko Uhispania! Ukigeuza na kusahau alama ya kutoa, utaikuta Ethiopia.

La pili, hizo ni digrii. Mji mzima haufiki hata sehemu moja ya kumi ya digrii, na ramani ya mradi mpya wa EPANET ni 0 hadi 10,000. Utaona nini zaidi ya kidoa?

Zipeleke kwenye mita. Ingiza jedwali lako la CSV kwenye QGIS (programu ya ramani) kama EPSG:4326, namba ya mfumo wa digrii za GPS, halafu hifadhi safu upya kwa EPSG:32737, yaani UTM, mfumo wa ramani wa mita, kanda ya 37 Kusini. Unguja na Pemba zote zimo humo. Chake itaangukia karibu na X 585,000 na Y 9,420,000. Ukiona Y ni hasi 580,000, umechagua 32637, ya Kaskazini.

Mtu_wa_Pampu
Kuhusu picha ya ramani, vipimo kwanza, picha baadaye. QGIS ikiwa kwenye 32737, toa ramani kama picha na uandike zile namba nne za mipaka. Namba hizo hizo ziingize kwenye Dimensions ya EPANET, kona ya chini kushoto na ya juu kulia, uniti ziwe mita. Ndipo upakie picha, ukiwa umeibadilisha kuwa BMP. Ukishamaliza usiguse Auto-Size: inabana mipaka izifuate nodi, na picha inaachana na mtandao.

Mgeni_wa_Modeli
Ahsanteni, nodi zimekaa. Ila bomba kuu nililolichora kutoka karatasi ya zamani limepita kama mita 300 kaskazini ya barabara.

Bi_Ramani
Soma pembezoni mwa karatasi. Ikiwa imeandikwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti, iite EPSG:21037 kisha uihamishe kwenda 32737. Tofauti ya hizo mbili huku kwetu ni hiyo hiyo, takriban mita 300 kaskazini-kusini na karibu mia mashariki-magharibi. Usisukume kwa mkono, yakhe.

Mtu_wa_Pampu
Suala la presha limesahauliwa, na ndilo lenye uzito. X na Y haziingii kwenye hesabu kabisa. Hata ungeiacha J12 Uhispania, presha ingetoka ile ile. Kinachohesabiwa ni mwinuko wa nodi, urefu wa bomba, kipenyo, ukwaruzo na mahitaji ya maji.

Kwa hiyo kabla ya kuburuta nodi, angalia chini ya dirisha: Auto-Length iwe imezimwa. Ikiwaka, urefu ulioupima kwa tepu unafutwa, unawekwa wa ramani. Hapo hapo hakikisha imeandikwa LPS (lita kwa sekunde). Ikiwa GPM (galoni kwa dakika), urefu unasomwa kwa futi na kipenyo kwa inchi.

Mwinuko wa GPS ya mkono usiutumie. Mita 10 za kosa ni takriban bar 1, na Chake ni vilima na mabonde. Tena baadhi ya vifaa hutoa urefu juu ya elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu), ambao kwetu unapungua zaidi ya mita 20 kulinganisha na usawa wa bahari. Nodi ya pwani ikisoma hasi 25, ujue ndiko ulikoangukia. Tangi na nodi za vileleni zipimwe kwa levo, kifaa cha mpima ardhi cha kupimia mwinuko. Za katikati unaweza kuzikadiria kutoka hapo.

Mgeni_wa_Modeli
J3 ya bandarini inasoma hasi 24. Narudi na levo.