Tupeane uzoefu: nani anaamua mtoto mwenye ulemavu afanyeje mtihani, na anaamuaje?

Mwalimu wa Kitengo

Habari za jioni, wana jukwaa. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, shule ya msingi, huku Temeke. Huu ni mwaka wangu wa 11. Wiki hii tumeandaa tena taarifa za watoto wetu kwa ajili ya usajili wa mtihani, na kila nikifika kwenye aina ya ulemavu mkono unasita. Niwaeleze kwa nini.

Miaka ya nyuma nilikuwa na watoto wawili wenye ualbino darasa moja, mvulana na msichana. Wote tukawaandika uoni hafifu, maandishi makubwa. Hatukuwauliza. Mvulana ilimsaidia kweli. Msichana yeye alizoea kusoma maandishi ya kawaida, karatasi karibu iguse pua, shingo kaigeuzia kushoto, maana macho yake huchezacheza na akikaa hivyo yanatulia. Siku ya mtihani wa utimilifu, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, akapewa karatasi kubwa, upana wake unazidi dawati. Akaikunja ili aisogeze usoni, ikafunguka. Akaibana kwa kiwiko, karatasi ya majibu ikateleza chini. Akaiokota. Swali liko juu, jedwali lake liko chini, haviwezi kukaa pamoja mbele ya macho yake, basi akawa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, kama mtu anayesoma gazeti ndani ya daladala iliyojaa. Na tulikuwa tumemkalisha anatazama dirisha, jua la saa tatu linampiga usoni. Nilimwangalia dakika 9 nzima akiwa kwenye swali lilelile.

Alichohitaji ni kukaa mgongo kwa dirisha, karatasi ya kawaida, na kibao cha kuiinua karatasi. Fundi seremala wa mtaani alitutengenezea kibao hicho kwa kipande cha plaiwudi. Tungemuuliza mwezi wa pili, angetuambia mwenyewe.

Kwa wasiojua: Baraza la Mitihani hutoa karatasi za nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole) kwa wasioona, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini Baraza halimjui mtoto wako. Shule ndiyo inayopeleka taarifa, na shule isipoandika, siku ya mtihani hakuna wa kumlaumu.

Naomba mzazi, mwalimu, au wewe uliyefanya mtihani ukiwa na ulemavu, utueleze kwenu iliamuliwaje. Majina ya shule yasiwepo kama jambo lilienda vibaya.

Mama wa Mbagala

Asante mwalimu. Mwanangu alizaliwa na mgongo wazi. Anatembea kwa magongo na hutolewa mkojo kwa mpira kila baada ya saa tatu au nne. Kichwani yuko sawa kabisa, Hisabati ndiyo somo lake.

Nilipokwenda shuleni kuulizia mtihani wa darasa la saba niliambiwa, "Huyu si wa kitengo, anaona, anasikia, anaandika, anahitaji nini?" Nikarudi nyumbani nikalia, kisha nikaenda hospitali kuomba barua. Barua ilieleza jambo moja tu kwa lugha nyepesi, kwamba mtoto lazima atolewe mkojo kwa wakati la sivyo figo zinaumia. Mwalimu mkuu alipoisoma alinyamaza, akaniomba radhi.

Wakaamua afanyie chumba cha chini, dawati la karibu na mlango, choo kisafishwe asubuhi na ndoo ya maji iwepo. Tukajaribu kwenye utimilifu wa wilaya. Hapo ndipo tulipogundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Kutoka kwenye dawati, kufika chooni kwa magongo, kunawa, kujihudumia, kunawa tena na kurudi ni dakika 14. Wangemhesabia zile 14 ndani ya muda wake, angepoteza karibu maswali kumi. Mwalimu mkuu akaandika suala hilo mapema na kulipeleka kwa afisa elimu, na likakubaliwa.

Wazazi wenzangu, pimeni kwa saa. Msikisie.

Nukta Sita

Mimi sioni tangu utotoni. Nilifanya kidato cha nne na cha sita kwa nukta nundu, sasa niko kazini hapa mjini.

Hesabu ya dakika mnayoiona ni hii: karatasi ya saa 3 inakuwa saa 3 na nusu, na Hisabati ya saa 3 inakuwa saa 4. Zinasaidia, nashukuru. Ila dakika hizo hazimsaidii mtu ambaye hajawahi kuzitumia. Shuleni majaribio yote nilifanya kwa muda wa wenzangu, kengele ikilia nanyang'anywa karatasi. Siku ya mtihani wa taifa nikapewa nusu saa ya ziada, na sikujua niigaweje. Nilimaliza mapema kwa mazoea ya kukimbizwa, nikakaa.

Jambo lingine ni chumba. Mashine ya Perkins, ile tunayoandikia nukta nundu, ina kelele, inagonga kama mtu anapiga msumari. Ukiwekwa na wanaoona, wao wanaumia na wewe unaona haya kubonyeza. Sisi tuliwekwa peke yetu na ilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyetueleza sababu, tukadhani tumetengwa.

Na joto la Dar mwezi wa kumi na moja! Vidole vinatoa jasho, karatasi inalainika, nukta zinalala. Nilijifunza kuingia na kitambaa kikavu na kukaa mbali na ukuta unaopigwa na jua. Hilo huwezi kuliona kwenye fomu yoyote.

Ukonga Kwetu

Samahani mwalimu, sina nia mbaya. Mwanangu hana ulemavu na yeye pia hamalizi Hisabati. Dakika 20 kila saa kwa mwingine, huo si upendeleo?

Mwalimu wa Kitengo

Ndugu Ukonga, swali lako ni halali na wasimamizi wengi wanalo moyoni ila hawalisemi. Mimi huanza kwa kujiuliza karatasi hii inapima nini. Hisabati inapima kama mtoto anajua kugawanya. Haimpimi kasi ya vidole kupita juu ya nukta, na kusoma kwa vidole kunachukua muda zaidi kuliko kusoma kwa macho, hata kwa aliyebobea. Zile dakika zinafidia vidole. Kugawanya atagawanya mwenyewe.

Lakini pia si kila msaada unafaa kila mahali, na hapa nataka walimu wenzangu wanisikie. Kumsomea mtoto swali la mafumbo la Hisabati hakumpi jibu. Ukimsomea kifungu chote cha ufahamu kwenye Kiswahili, hapo umepima kusikiliza, si kusoma. Kwa hiyo mtoto yuleyule anaweza kusomewa somo moja na asisomewe lingine. Ndiyo maana nakataa ule uamuzi wa neno moja, "huyu ana ulemavu wa hivi, mpe hiki", kwa masomo yote.

Ukonga Kwetu

Nimekuelewa mwalimu. Sikuwahi kulitazama hivyo.

Mikono Inasema

Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Nimefanya kazi na viziwi tangu shule ya viziwi ya Buguruni hadi sekondari.

Watu hudhani kiziwi hahitaji kitu kwenye mtihani wa kuandika, kwa kuwa karatasi anaiona. Niliwahi kukaa chumba ambacho msimamizi alisimama mbele akatangaza kwa mdomo, "Ukurasa wa nne kuna kosa, rekebisheni." Wanaosikia wakarekebisha. Wanafunzi wangu watatu viziwi waliendelea kuandika, vichwa chini. Nilikuwa nimeambiwa nikae nje mpaka niitwe. Niliona dirishani, nikabisha hodi.

Tangu siku hiyo naomba mambo mawili: mkalimani awe ndani tangu maelekezo ya mwanzo, na kila tangazo liandikwe ubaoni. Ubao na chaki tayari vipo.

Mpaka wangu pia naujua. Natafsiri maelekezo, sifafanui swali. Mtoto akiniuliza "eleza" maana yake nini, nikamwonyesha kwa mfano wa swali lenyewe, nimeshamjibia. Maneno hayo, taja, eleza, linganisha, fafanua, tunayafundisha alama zake mwaka mzima. Kwa kiziwi Kiswahili ni lugha ya pili, tafadhali msisahau hilo mnapoamua.

Mkono wa Mwenzio

Niliwahi kumwandikia mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Akili inakimbia, mkono hautulii, kusiliba kile kiduara cha jibu bila kugusa cha jirani ilikuwa haiwezekani. Shule ilitaka apewe muda tu. Tukamjaribu: muda ukiongezeka mkono unachoka zaidi, maandishi yanazidi kuharibika. Kwake muda haukuwa dawa. Alihitaji mtu wa kumwandikia.

Kazi ile ni ngumu. Anasema jibu ambalo unajua si sahihi, nawe unaliandika vilevile alivyolisema, uso usibadilike. Yule mtoto alikuwa ananisoma nyusi. Nikawa naangalia karatasi tu, simtazami. Tulifanya mazoezi miezi mitatu ili ajifunze kusema "futa" na "rudi nyuma" bila woga, na mimi nijifunze kunyamaza.

Mjomba wa Kigamboni

Dada yangu yuko Marekani, mwanawe ana usonji. Kule kuna mpango wa maandishi wa kila mtoto, wanauita IEP, na sheria inataka upitiwe angalau mara moja kwa mwaka. Mzazi ni mjumbe wa kikao, si mgeni. Hapohapo ndipo inapoamuliwa mtoto afanyeje hata mitihani ya jimbo. Mwanzoni kikao kilimpa chumba cha peke yake, kwa kuwa ndivyo wanavyopewa watoto wengi wa usonji. Kijana akasema hataki, kimya kile kinamtisha, bora akae nyuma ya darasa na vizibo vya masikio. Wakabadilisha.

Nasi sheria tunayo, ile ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Kikao cha watu wanne kumzunguka mtoto mmoja hakihitaji fedha za wafadhili.

Mwalimu wa Kitengo

Kaka Mjomba, kikao hicho nimekianza shuleni kwetu. Mzazi, mwalimu wa darasa, mimi, na mtoto mwenyewe. Tunakaa chini ya mwarobaini saa nane mchana. Mtoto ndiye anayeanza kusema.

Mama Darasa la Tatu

Shikamooni nyote. Naomba kusaidiwa. Mwanangu wa kike, mwakani anafanya upimaji wa darasa la nne. Hana jina la ugonjwa wowote, anaona na anasikia vizuri. Akisimulia hadithi watu wanakusanyika. Akishika kalamu, haandiki. Mwalimu wake anasema ni mvivu. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Kitengo

Marahaba mama. Usianze na jina la ugonjwa. Leo jioni mwambie akusimulie alichokifanya shuleni, dakika 10, wewe andika kama anavyosema. Kesho jioni mwombe aandike mwenyewe habari ya siku hiyo, dakika 10 zilezile. Usimkaripie, usimsaidie. Weka tarehe juu ya kila karatasi. Rudia kwa wiki mbili, kisha nenda na karatasi hizo shuleni, na uombe shule imhusishe afisa elimu maalumu wa wilaya mapema. Bado una mwaka mzima, na huo ni muda mzuri sana.

Mama Darasa la Tatu

Mwalimu, nimeanza. Juzi alinisimulia kurasa mbili zikajaa, mkono wangu ukauma. Jana aliandika mistari miwili, na mstari wa pili haukuisha. Nimeziweka pamoja kwenye bahasha. Baba yake alipoziona alizishika muda mrefu, akasema tutakwenda naye wote wawili.