Re: Kutoka afisa wa logistiki kwenda nesi wa jeshi, nianzie wapi?

Kapteni wa Zamani, Maryland

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mimi nilitoka Army nikiwa kapteni upande wa logistiki, niliingia kwa skolashipu ya ROTC (mafunzo ya uafisa yanayofanyika chuoni), digrii yangu ni uhasibu. Sasa hivi niko uraiani nasimamia ghala, mshahara upo ila moyo haupo kabisa. Nataka kusomea unesi na nikimaliza nirudi kuvaa gwanda, maana maisha yale nayapenda na mke ameshakubali. Nina miaka 36, watoto wawili. Nimempigia rikruta wa hapa mtaani kaniambia "wewe si ulishakuwa afisa, njoo tu, jeshi litakupeleka shule". Ni kweli jamani? Nikirudi narudi na cheo changu? Na GI Bill, ile hela ya masomo kwa waliotumikia jeshi, itatosha?

Mama Wodini, San Antonio

Kaka karibu. Huyo rikruta achana naye, sisemi ni mwongo, ila kazi yake ni kuandikisha maaskari wa kawaida, madaktari na manesi wana marikruta wao wa kitabibu na ofisi zao ni tofauti, tafuta hao. Programu za kupelekwa shule ya unesi huku unakula mshahara zipo, ya Army inaitwa AECP na ya Navy MECP, lakini ni za maaskari ambao hawajapata kamisheni. Yaani koplo anapita hapo na wewe kapteni unabaki nje ya geti, ndo jeshi lilivyo hilo.

Kwa hiyo njia yako ni kuja ukiwa nesi kamili. BSN, yaani digrii ya unesi, kutoka chuo chenye ithibati ya ACEN au CCNE, hizi ADN za ngazi ya chini za miaka miwili hospitali za kiraia wanazichukua lakini kamisheni hupati, halafu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, halafu leseni isiyo na doa, ya jimbo lolote inafaa. Wewe una digrii tayari kwa hiyo usikubali kuanza miaka minne upya, tafuta BSN za haraka kwa wenye digrii nyingine, zinaenda kati ya miezi 12 na 18, ila ni moto, kazi ya ghala utaiacha tu. Kinachokula muda ni masomo ya kabla ya kuingia, anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, takwimu, na mtu wa uhasibu hana hata moja labda takwimu. Anza nayo komyuniti koleji jioni wakati bado una mshahara. Army kikomo cha umri kwa manesi ni 42, kuna weiva, ruhusa maalumu ya kupita kikomo, lakini usipange maisha kwa weiva, na utumishi wako wa zamani unaweza kukusaidia kwenye hesabu hiyo. Piga hesabu mwenyewe: masomo ya awali, programu, mtihani, mafaili kukaa kwenye bodi, unafika 40 hivi hivi unajiona.

Cheo sasa. Usidhani utashuka kwenye ndege na reli zako mbili begani. Hesabu ya cheo inafanywa upya, wanaangalia elimu ya unesi, uzoefu wa unesi na utumishi wako wa zamani, kila kimoja kina kanuni yake, na nesi mpya asiye na kitu kingine anaanza luteni usu. Ukiambiwa utapewa cheo fulani omba waandike kabla hujala kiapo, neno la mdomo la rikruta halina mhuri. Mshahara unaangalia cheo na miaka, na miaka yako yote ya nyuma inahesabika, hilo shukuru, ila jedwali lina dari: luteni usu akishapita miaka 3 hapandi tena mpaka abadilishe cheo, luteni ni miaka 6. Zile safu zenye herufi E ni za waliokuwa maaskari au warant kabla ya kuwa maafisa, zaidi ya miaka minne, wewe hazikuhusu kama uliingia moja kwa moja kwa ROTC.

Na jiandae kisaikolojia, hili naliandika kwa sababu nimeshawaona kama wewe wodini kwangu. Mtu aliwahi kuongoza kampuni nzima, malori na mafuta, leo kasimama pembeni ya kitanda saa tisa usiku, sajini medik aliyemzidi uzoefu anamwonyesha jinsi ya kusafisha mrija wa dripu, sukuma kidogo, simama, sukuma kidogo, simama, usiusukume wote kwa pupa. Kapteni anayekupangia shifti umemzidi miaka kumi. Kuna waliomeza hilo wakawa manesi wazuri ajabu, hasa wa logistiki, hawapotezi kitu na dawa za zamu wanazijua zimebaki ngapi. Kuna wengine kila sentensi ni "nilipokuwa kamanda". Mgonjwa hajali. Hata kanali akiwa na ile shati ya nyuma wazi ni mgonjwa tu, ukimwambia rudi kitandani anarudi. Na usitegemee majeraha ya vita kila siku, hospitali ya jeshi ya Brooke hapa tunapokea hadi raia wa ajali za barabarani, na wazee wastaafu wa moyo na sukari ni wengi mno.

Mzee wa Lowell

Kijana wangu, umetaja skolashipu ya ROTC ukapita haraka, rudi hapo. GI Bill ya baada ya 9/11 inalipa asilimia 100 ukiwa na miezi 36 ya utumishi, lakini ile miaka uliyokuwa unalipa deni la skolashipu HAIHESABIKI, waliotoka West Point, chuo cha maafisa, pia hivyo hivyo. Kama deni lako lilikuwa miaka minne na ulitumikia sita, unayo miaka miwili ya kuhesabu, basi asilimia inashuka. Waliopita OCS, kozi ya uafisa ya jeshini, hawana shida hiyo. Watu wanaacha kazi wakidhani wamelipiwa yote halafu barua inakuja. Omba VA, idara ya maveterani, wakupe barua ya stahili zako kwanza, ndo uandike notisi kazini.

Kingine, posho ya nyumba. Inalipwa kwa kiwango cha sajini E-5 mwenye familia kufuata ZIP ya chuo, sio ya unapolala. Ukisoma yote onlaini wanakupa nusu ya wastani wa nchi, ukiwa na hata darasa moja la kukaa unapata kamili ya eneo la chuo, mradi unasoma muda kamili. Kama uliachishwa baada ya 1 Januari 2013 GI Bill yako haiishi muda wake, kwa hiyo hakuna haraka ya kuichoma ovyo. Mle chuoni kuna mtu wa masuala ya maveterani, mpeleke chai awe rafiki yako.

Luteni KDF, Kansas

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilikuwa luteni KDF, jeshi la Kenya, sasa niko hapa na grini kadi, nafanya CNA (msaidizi wa nesi) kwa nursing homu, na mke wangu ana KRCHN, unesi wa Kenya, aliosoma chuo cha KMTC. Uafisa wangu wa nyumbani utasaidia kitu?

Mama Wodini, San Antonio

Shemeji, heshima tutakupa hapa lakini kwa makaratasi yao hapana, kamisheni ya nchi nyingine haihesabiki, na uafisa wa jeshi la kudumu unataka uraia. Ila we ndo unaweza kufaidi ule mlango wa koplo. Grini kadi inakuruhusu kuingia kama askari, omba kazi ya medik ambayo Army wanaiita 68W, uraia unapatikana kupitia utumishi, na ukishakuwa raia unaomba AECP. Ni njia ndefu na umri uangalie, usiseme sikukwambia. Wewe Mkenya raha yako, katiba ya 2010 imewaruhusu uraia wa nchi mbili, sisi Watanzania ukila kiapo cha huku pasi ya nyumbani umeiaga.

Mkeo aendelee na NCLEX na KRCHN yake, inawezekana wakishapitia vyeti, kazi atapata. Lakini akitaka jeshi ni lazima aunganishe RN (nesi mwenye leseni) kwenda BSN kwenye chuo chenye ithibati. NCLEX ya sasa ni maswali kati ya 85 na 150, kompyuta inazima ikishaamua, akizimiwa mapema asilie parking.

Da Mdogo, Aldershot

Kwa wa Uingereza: wale manesi wa jeshi tuliowajua kama QARANC tangu Novemba 2024 wameunganishwa na madaktari na meno kuwa Royal Army Medical Service, kwa hiyo ukigugo jina la zamani usichanganyikiwe. Huku kwanza usajili wa NMC, baraza la manesi na wakunga, halafu maafisa wanapita kozi fupi Sandhurst, chuo cha maafisa.

Kapteni wa Zamani, Maryland

Asanteni sana, hiyo ya ROTC imenikata maini. Swali la mwisho: nina asilimia 30 za ulemavu za VA kwa goti na mgongo. Itanizuia?

Mzee wa Lowell

Haikuzuii moja kwa moja lakini jiandae kwa weiva ya afya, watataka rekodi zote za goti, picha na barua ya mtaalamu kwamba unakimbia. Usifiche kitu MEPS, kituo cha kupimwa kabla ya kuingia jeshini, rekodi zako za VA wanaweza kuziona. Na ukirudi kazini kamili ile hela ya VA inasimama, huwezi kupokea vyote kwa siku hizo hizo, hata wa akiba anaachia siku zake za mazoezi. Wape VA taarifa wewe mwenyewe wakati wa kuingia, wakigundua baadaye hiyo hela inakuwa deni na utalilipa. DD-214 yako, ile hati ya kuachishwa jeshi, unayo au ilipotea kwenye kuhama? Kama haipo iombe kwenye ofisi ya kumbukumbu St. Louis wiki hii, maana bila hiyo hakuna dawati litakalokufungulia faili.

Kapteni wa Zamani, Maryland

Iko kwa mama mkwe Baltimore, naifuata Jumamosi. Na komyuniti koleji nimeona anatomia ya jioni inaanza Januari, Jumanne na Alhamisi. Kama kuna mtu wa huku ana vitabu vya zamani vya anatomia asivitupe, anicheki.