Orofa saba dirishani kwangu: mpango wa ardhi hupitiwa lini?

Mama Njugu: Jamani, niko Umoja, Nairobi. Jirani alibomoa nyumba ya chini, sasa mafundi wako orofa ya saba. Nguo zangu hazikauki! Nani alipanga hivi?

Mchoraji: Pole mama. Mpango mkuu wa jiji ni wa 2014 hadi 2030; kabla yake tulitegemea wa 1973, hebu fikiria. Sheria ya kaunti ya 2012 inataka mpango wa ardhi wa miaka 10, upitiwe kila miaka 5. Rasimu hutangazwa gazetini mtoe maoni.

Mama Njugu: Gazeti? Mimi nafungia njugu.

Shosh wa Umoja: Andika barua ya maoni, nakala yako ipigwe muhuri. Maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili.