Om Shanti Om: inawadhihaki wakongwe wa filamu za Kihindi au inawaenzi?

Binti wa Ngarenaro, Arusha

Habari za jioni, ndugu wapenzi wa filamu za Kihindi. Jumapili tuliketi nyumbani kuangalia Om Shanti Om ya mwaka 2007, ambayo mdogo wangu aliwekewa kwenye flashi katika kibanda kimoja karibu na soko. Mimi niliifurahia kama hadithi: kijana Om Makhija, mwigizaji wa kujaza umati mwaka 1977, anampenda nyota Shantipriya, wote wawili wanapoteza maisha usiku mmoja kwa hila za prodyuza Mukesh, kisha Om anazaliwa upya na kurudi kulipa kisasi. Lakini mama, ambaye amekulia katika picha za Kihindi, alicheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Rafiki yake Om alipomwambia kwamba mtu mwenye jina kama Makhija hawezi kuwa nyota, mama aliweka kikombe chini, akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akasema, "Hapo wamesema kweli tupu." Isitoshe, nakala yetu ni ile iliyotafsiriwa, na sauti ya mtafsiri ilifunika maneno mengi. Naomba kueleweshwa: ni lazima mtu azijue filamu za zamani ndipo aifaidi hii? Na Farah Khan, aliyeiongoza, anawacheka watu wa kazi yake au anawaenzi?

Mzee wa Majengo, Moshi

Binti yangu, mama yako alicheka mahali penyewe. Katika filamu za Bombay jina la ukoo ni mtaji. Ukoo wa Kapoor umetoa waigizaji tangu Prithviraj, akaja mwanawe Raj, akaja Rishi mwana wa Raj, na wajukuu wakafuata. Ndiyo maana Om hawi nyota mpaka azaliwe upya katika nyumba ya Kapoor. Sura ni ileile na kipaji ni kilekile. Kilichobadilika ni baba. Hilo ni neno zito, nalo limesemwa katikati ya kicheko.

Sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya tiketi za sinema hapa Moshi tunaikumbuka Karz ya mwaka 1980, na Rishi Kapoor akiimba juu ya sahani kubwa ya santuri inayozunguka. Jina la Om Shanti Om limetoka katika wimbo huo, na filamu inaanzia hapo hapo, huku Subhash Ghai, aliyeiongoza Karz yenyewe, akionekana. Mtu makini atasema kwamba hadithi ni ya 1977 na Karz ilikuwa bado haijatengenezwa. Mimi silihesabu kuwa kosa, kwa sababu mpenzi wa sinema hukumbuka miaka yake ya ujana yote kwa pamoja. Hata mwisho una asili yake: kumleta msichana anayefanana na marehemu ili muuaji atishike, kisha marehemu mwenyewe akatokea, kulikuwa katika Madhumati ya Bimal Roy mwaka 1958. Anayezijua hizo anapata utamu wa pili. Asiyezijua bado analia, maana hadithi imejitosheleza.

Mwalimu wa Sakina

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini suala la mwigizaji mkongwe, marehemu Manoj Kumar, tusilipite. Filamu inaonyesha vijana wakiiba kadi yake ya mwaliko, naye, mwenye mazoea ya kujifunika uso kwa mkono, hatambuliwi mlangoni na anafukuzwa kwa fimbo. Mwenyewe alikuwa hai, aliumia, akalalamika hadharani na kulifikisha jambo mahakamani. Shah Rukh Khan, anayemwigiza Om, aliomba radhi. Nampenda Farah Khan, lakini hapo naona alimtania mtu aliyestahili kuulizwa kwanza.

Kwingineko utani wake unaanza nyumbani, na hapo ndipo ninapomheshimu. Om aliyezaliwa upya, sasa akiitwa OK, ni nyota mwenye kiburi anayeletewa nafasi ya mtu kipofu, bubu, kiziwi na asiye na viungo, halafu anadai awekewe wimbo wa kucheza, kwa kuwa katika ndoto mtu huyo anaweza kucheza. Muongozaji anabaki ameduwaa, na wimbo unawekwa. Kwenye sherehe ya tuzo anashindanishwa kwa filamu mbili ambazo vipande vyake ni kama kimoja: shujaa yuleyule, mikono ileile, mapenzi yaleyale. Aliyekubali kuonyeshwa hivyo ni Shah Rukh mwenyewe, ambaye kampuni yake ndiyo iliyoitengeneza filamu hii.

Fundi cherehani, Kiboriloni

Msiizime majina yanapoanza kupita. Katika filamu nyingine majina ya mafundi hupita upesi bila mtu kuyasoma, lakini hapa wote wanatembea juu ya zulia jekundu kama nyota, mafundi wa taa pamoja na waliobeba vyombo, na Farah Khan anafika mwisho kwa bajaji akiwa amechelewa. Mimi nimeshona nguo za maharusi miaka mingi bila kuonekana katika picha hata moja ya harusi, na sehemu hiyo naiangalia kwa kusimama. Binti, swali lako la pili limejibiwa pale.

Binti wa Ngarenaro, Arusha

Nawashukuru sana, mzee, mwalimu na fundi. Nimemsomea mama majibu yenu, naye anasema mwalimu ana haki kuhusu Manoj Kumar, kwani yeye pale hakucheka. Kuhusu zulia, kumbe mdogo wangu alizima mara tu hadithi ilipokwisha. Jumapili ijayo tutatangulia kuangalia Karz, kisha tutairudia hii mpaka bajaji ifike.